Kima Kikipanda, Kipande Nacho Hupanda

Juzi nilikwenda kupimwa presha. Daktari, kijana mpole tu, alikuwa bado ananifunga ule mkanda mkononi alipotupia jicho kadi yangu akasema, "Kumbe mama ulikuwa Afisa Kazi! Hebu nisaidie. Hivi serikali ikipandisha kima cha chini cha mshahara, si matajiri watanunua mashine wafukuze watu?" Kisha akabonyeza mpira, akasubiri, akasoma. Presha ilikuwa imepanda.

Swali hilo nimeulizwa ofisini, sokoni na msibani. Nimelikuta kwenye kundi la simu la ukoo wetu wa Moa, ambako binamu zangu, wasiowahi kuajiriwa na mtu hata siku moja, wanabishana juu ya mishahara ya viwandani mpaka wanatoleana maneno. Nimelisikia kwenye semina, kwa wataalamu wenye projekta. Hao hawaulizi, hao wanajibu. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akiwa na tope kwenye viatu.

Ninyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo sitavigusa, maana vilichelewa kuja, wala marupurupu, maana hayakuja kabisa. Nitawaandikia habari za shamba moja la mkonge lililo kando ya njia ya kwenda Muheza, ambalo jina lake nitalifungia moyoni, na za mwanamke anayeitwa Skolastika. Mkishasoma, mtu akiwauliza swali lile mjibuni ninyi. Mimi nimechoka.

Nilianza kazi nikiwa na viatu vya kuchongoka na kitabu kipya cha sheria kwapani. Mkuu wangu alikuwa Mzee Mhina, Mbondei, mfupi, Mkristo asiyekosa ibada na asiyekosa ukali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameinamisha macho kwenye viatu vyangu.

"Hivyo ni vya harusi ya nani, binti?"

Kesho yake nikaja na mabuti ya mpira.

Ofisi ilikuwa na pikipiki moja, na mafuta yake yalikuwa ya kuombea dua. Waajiri kwa ukarimu wao walikuwa wakitutumia gari tukawakague. Mzee Mhina alikuwa halipandi. "Ukishaingia kwenye gari lake, ukaguzi umekwisha," alinieleza. "Utaonyeshwa choo kipya, utapewa soda baridi, utarudishwa." Kwa hiyo tulishuka njia panda, tukaenda kwa miguu katikati ya mkonge, jua la utosini, mpaka korona. Kwa msiofika huko, korona ni ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa. Ilikuwa na jina hilo zamani kabla ugonjwa haujazaliwa, na kwa harufu sijui kipi kinakizidi kingine.

Singa zikitoka hapo zinakuwa mbichi, zinadondosha maji. Zinapelekwa kwenye uwanja wenye nyaya ndefu zilizosimamishwa kwa nguzo, zinatundikwa zikauke kwa jua. Kazi hiyo ya kuanika ni ya wanawake. Siku ile nilisimama mbele yao na kitabu changu nikamuuliza wa kwanza kama analipwa kima cha chini. Akasema ndiyo. Wa pili ndiyo. Wote ndiyo. Nikamgeukia Mzee Mhina nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

"Sasa waulize wanatoka saa ngapi," akasema.

Nikauliza. Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwamba zamani walikuwa wanatoka adhuhuri, lakini tangu mshahara upande wanatoka alasiri imekwisha pita.

Tulipokuwa tunarudi barabarani ndipo aliponifafanulia. Shambani mtu halipwi kwa saa, analipwa kwa kipande, yaani kazi ya siku moja kama ilivyopimwa na nyapara: mistari kadhaa ya waya kwa mwanikaji, mafungu kadhaa ya majani kwa mkataji. Mshahara unapangwa na sheria. Kipande kinapangwa na nyapara. "Serikali ikipandisha mshahara, nyapara anaongeza mistari," alisema. "Mtu analipwa zaidi na anafanya zaidi. Kilichoongezeka ni jua tu."

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, na sijakutana na ukurasa ulionifaa kuliko matembezi yale. Popote nilipopelekwa nilikuta ni yaleyale kwa sura nyingine. Hoteli moja ya ufukweni, kima kilipopanda, wahudumu wakaanza kukatwa pesa ya chakula cha mchana walichokuwa wakipewa bure. Godauni moja la machungwa liliwabadilisha wapakiaji wote wakawa "wakandarasi binafsi", watu ambao hata baiskeli hawana. Mwenye godauni aliniambia bila haya, "Mama, hawa sasa ni wafanyabiashara wenzangu." Nilimuuliza kama na yeye hulala juu ya magunia. Alinishitaki kwa mkuu wa wilaya kwamba sina adabu.

Mzee Mhina alistaafu, akarudi kwao kulima. Mimi nikarithi ufunguo wa pikipiki.

Ndipo nikamjua Skolastika. Alikuwa msemaji wa waanikaji katika tawi la chama cha wafanyakazi pale shambani. Mkatoliki, mrefu, sauti yake ilishinda kelele za korona. Babu yake aliletwa kutoka kusini enzi za manamba kuja kukata mkonge, akafia hapohapo, baba yake akafia hapohapo, na yeye alizaliwa katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi aliyokuwa akiishi bado. Nilipomuuliza kwao ni wapi alicheka. "Kwetu ni nyumba ya pili kutoka bombani, Mama Kazi. Ng'ambo ya hapo sina mtu." Na nyumba za kambi, mjue, zinakwenda na kazi. Ukiachishwa unatoa vyombo nje.

Ikatoka amri mpya ya mishahara. Redio zikatangaza, wafanyakazi wakashangilia, na binamu zangu wa Moa wakaanza kubishana. Haikupita muda, meneja wa shamba, Bwana Lazaro, akawakusanya watu chini ya paa la korona. Nilisimuliwa na waliokuwepo, na wote walinisimulia kwa maneno yaleyale. "Serikali imepandisha mshahara, nasi tunatii," aliwaambia. "Lakini kampuni haibebeki. Inaleta mashine ya kukausha singa, na uwanja wa kuanikia utafungwa. Msinilaumu mimi. Mlaumuni aliyepandisha."

Skolastika akanipigia simu. "Mama Kazi, wametumaliza. Na nyumba wanazitaka."

Nilikwenda asubuhi yake. Wanawake walikuwa wamekaa kando ya uwanja, na tayari wameshagombana wao kwa wao. Wengine walisema bora mshahara ungebaki wa zamani. Mama mmoja mtu mzima alinyanyuka akanijia mpaka usoni. "Ninyi ndio mlitutafutia mshahara," akasema. "Haya, tutafutieni na kazi." Nilimwitikia, "Nimekusikia, mama," nikaelekea ofisini kwa meneja.

Bwana Lazaro alinipokea kwa heshima zote na soda ikawa mezani kabla sijakaa. Nilimweleza kwamba watu hawapunguzwi kwa hotuba. Anatakiwa akae na chama chao, aseme sababu, wajadiliane kama kuna njia ya kuepusha, na kama hakuna, nani aondoke na kwa kigezo gani.

"Sababu ni ninyi, mama," akasema kwa upole. "Hesabu inakataa. Mkipandisha mshahara, sisi tunanunua mashine. Hata vitabuni imeandikwa."

Nilitoka pale kichwa kinaniuma. Njaa nayo ilikuwa imenishika, nikaenda kwa mama lishe aliyekuwa nje ya geti. Kwenye benchi lake alikuwapo fundi kutoka Dar es Salaam aliyekuja kusimika hiyo mashine, anakula chapati na maharage. Nikamsalimia, nikakaa. Katika kuzungumza nikamuuliza kazi itamchukua muda gani.

"Sasa hivi si muda," akasema. "Muda ulikwenda kwenye kuisubiri. Mimi nilikuja kupima eneo hapa kabla ya masika ya mwaka juzi, mama. Ikaagizwa, ikachelewa, ikaja meli, ikakwama."

"Mwaka juzi? Mshahara si umepanda majuzi tu?"

Akanitazama asielewe. "Mshahara gani tena? Hii ni kwa sababu ya mvua. Singa zikinyeshewa uwanjani zinabadilika rangi, na mnunuzi wa nje anazikataa. Walichoka kurudishiwa mzigo."

Aliendelea kula. Hakujua kama alilolisema lilikuwa siri, wala hakuna aliyemwambia afiche. Mimi chapati yangu sikuimaliza. Nilirudi ofisini kwa Lazaro bila kubisha hodi, na hilo kwetu pwani ni jambo kubwa.

"Bwana Lazaro, mashine hii mmeinunua kwa sababu ya mvua."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," akasema, "mimi nimeambiwa na makao makuu niseme mshahara."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mvua haina mtu wa kulaumiwa."

Naomba mlikumbuke jibu hilo siku mtakapoketishwa kwenye semina. Sisemi mshahara haujawahi kufunga kazi ya mtu mahali popote. Niliwahi kuona kiwanda kidogo cha mikate ambacho kweli kilishindwa, na mwenyewe alilia mbele yangu. Ninachosema ni kwamba mara nyingi mno mashine ilikuwa imeshapanda meli kabla mshahara haujapanda, na amri ya serikali ikageuzwa gunia la kutupiwa kila kitu.

Tukaitisha kikao. Katibu wa chama alikuja kutoka mjini na hotuba kali: mashine irudishwe ilikotoka, uwanja ubaki. Hata mimi nilikuwa nimejiandaa kuelekea hukohuko. Akamaliza, akapigiwa makofi, akamkaribisha Skolastika aunge mkono hoja.

Skolastika akasimama. "Mimi waya siutaki," akasema.

Katibu akadhani amesikia vibaya.

"Siutaki," akarudia. "Nimetundika singa tangu sijaolewa. Mgongo huu haulali kifudifudi wala chali. Mikono tazameni wenyewe. Nani kati yenu anataka binti yake aje kwenye waya? Kama mashine inakausha, na ikaushe. Nifundisheni kuiendesha."

Kelele zilizofuata zilichukua muda kutulia. Katibu alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Baadhi ya wanawake walimzomea, wengine walimpigia vigelegele, na Bwana Lazaro, nilimwona, alitabasamu akidhani ameokoka.

"Waendeshaji wa mashine lazima wawe na cheti cha kidato cha nne," akasema.

"Hao mtawatoa wapi?" Skolastika akamuuliza.

"Mjini."

"Watalala wapi?"

"Kambini, wapi tena."

"Nyumba ya nani?"

Kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alikuwa anaijua nyumba ya pili kutoka bombani.

Vikao vilivyofuata sitawachosha navyo. Vilinichosha mimi inatosha. Kila hatua ilirudi nyuma mara mbili. Leo wanakubali, kesho makao makuu yamekataa. Katibu alisusa, akarudi, akasusa tena. Fundi yule wa Dar es Salaam aliulizwa mbele ya wote kazi ya mwendeshaji ni nini hasa, akasema ni kulisha singa, kuangalia joto, kuzuia zisikwame na kuzima pale taa nyekundu inapowaka, na kwamba mwenye akili zake atafundishika. Suala la cheti likafa hapo, ingawa lilifufuliwa mara kadhaa na watu wasiokuwepo.

Mwishowe wachache walichukuliwa kufundishwa, Skolastika akiwa mmojawapo. Waliobaki walilipwa kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria na kuruhusiwa kukaa kambini mpaka watoto wamalize mwaka wa shule. Wengine walihamia Muheza kuuza machungwa. Mmoja ana genge hapa Tanga mjini. Wengine sijui walipo. Yule mama aliyenijia usoni hakuchaguliwa, na tangu siku ile nikikutana naye sokoni ananipita kama nguzo. Kuna watu huita kesi ile ushindi wangu. Waende wakamuulize yeye.

Na msidhani waliochaguliwa walipata raha. Nilipokwenda kukagua baadaye nilikuta wanaendesha mashine lakini wameandikishwa kama wafagiaji, walipwe cha chini kabisa. Nikaanza upya. Ndivyo kazi hii ilivyo. Unaziba hapa, panavuja pale.

Mwaka wangu wa mwisho, ofisi yetu nayo ikaletewa mashine. Mnaijua, ninyi mnaiita mfumo. Mlalamikaji asije na maneno, ajaze kwenye mfumo. Mlinifundisha kwa subira na nawashukuru. Lakini nilikaa pale dirishani nikawaona mkimwambia mkata mkonge mwenye simu ya kitochi, aliyetoka kwao alfajiri, kwamba mfumo uko chini, aje kesho. Kesho yake nauli hana. Hatukuwahi kujiuliza malalamiko yamepungua kwa sababu waajiri wametakata au kwa sababu watu wamekata tamaa. Ripoti iliandikwa kwamba yamepungua.

Skolastika hakupita kwenye mfumo. Alinipigia mimi.

"Mama Kazi, mashine imekufa. Kifaa kinatoka nje ya nchi. Korona inasaga, singa zinarundikana, zinaanza kunuka. Meneja anataka wale wenzetu wa zamani warudi kuanika."

"Basi si vizuri?"

"Anataka waje kwa posho ya siku, chini ya kima. Na nyaya zenyewe waliziuza chuma chakavu."

Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Kisha nikachukua mabuti.

Nilikuta wanawake wamekaa nje ya geti, kwenye majani, kimya. Skolastika ndiye aliyewapigia simu kama alivyoagizwa na meneja, ila alipowapigia aliwaambia na habari ya posho na ya singa zinazooza. Ndani kulikuwa na rundo la singa mbichi kama kichuguu, limeanza kugeuka rangi ya chai. Vijana walikuwa wanafunga nyaya mpya kwenye nguzo mbio mbio. Bwana Lazaro shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama, waambie waingie. Singa zinaoza!"

"Siwezi kuwaambia kitu. Si wafanyakazi wako, uliwapunguza mimi nikishuhudia. Wanataka nini?"

Alijibu yeye Skolastika, kutoka nje ya geti, kwa sauti ile ya kushinda korona. "Kima cha chini kipya, na kipande cha zamani. Kile cha kutoka adhuhuri."

"Makao makuu hawatakubali," Lazaro akasema.

"Wapigie," nikamwambia.

Akapiga akiwa amesimama pale pale, na sote tulimsikia: ndiyo mzee, ndiyo, zinaoza mzee, hapana, hawaingii, ndiyo. Akakata simu. Kampuni iliyokuwa haibebeki ikabeba kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyeniletea kitabu siku hiyo.

Geti likafunguliwa. Skolastika, ambaye mashine yake imekufa, aliambiwa akapumzike nyumbani. Nikamwona anafunga kanga kiunoni na kuelekea kwenye nyaya pamoja na wenzake, kazi ileile aliyokuwa ameapa haitaki.

"Na mgongo?" nikamuuliza.

"Unauma," akasema. "Lakini nikae barazani niwatazame hawa?"

Kifaa kilikuja baada ya majuma kadhaa, mashine ikawaka, wanawake wakaachishwa. Safari hii walilipwa siku ya mwisho, mbele yangu, na mikataba yao ya muda ikafungwa kisheria. Nilimuuliza Skolastika wenzake wameondokaje. "Walau wameagwa," akasema, akarudi kuangalia taa zake.

Ulikuwa ukaguzi wangu wa mwisho. Bwana Lazaro alinisindikiza mpaka barabarani, kwa miguu, maana gari lake nililikataa kama kawaida. Njiani akaniambia amesikia nastaafu, na kwamba angependa niwasaidie pale shambani kama mshauri wa mambo ya wafanyakazi, kwa kuwa nayajua vizuri. Nilishangaa, na sikatai, nilifurahi kidogo. Nikamuuliza mshahara utakuwaje.

"Mama, hilo lisikusumbue," akasema. "Wewe njoo tu, tutaelewana."

Kila mtu aliyewahi kuingia ofisini kwangu akilia alianza kazi kwa neno hilo. Nikamwambia aniandikie mkataba kwanza. Mpaka leo hajauandika.